Kiwanja cha Wote pale Karakana

Vijana wangu mnaoanza kazi ya mipango miji, mimi nimeshatoka. Nimestaafu na magoti mabovu na sauti ya kukwaruza, na vyote viwili sikuvipata ofisini. Magoti yaliishia kwenye vilima vya Mbeya na Iringa. Sauti iliishia kwenye mikutano ya wakazi, ile inayotangazwa saa nane mchana, watu wanafika saa tisa na nusu, halafu anasimama mtu kuuliza kwa nini yeye hakutaarifiwa.

Sitawaambia kwamba ni kazi nzuri. Inachosha, na kinachochosha zaidi ni kusikiliza. Unakaa kwenye benchi lililoazimwa kanisani, jua linakupiga kisogoni, unasimuliwa habari ya mbuzi aliyekula mahindi ya jirani miaka mingi iliyopita, na huwezi kumkatiza msemaji, kwa sababu humo humo kwenye habari ya mbuzi ndimo utakamosikia mpaka wa kiwanja ulikuwa wapi kabla watu hawajagombana.

Aliyenifundisha kukaa kwenye benchi hilo alikuwa Mzee Asajile, mpima ardhi wa siku nyingi, Mnyakyusa mrefu mwembamba aliyevaa koti la mvua hata wakati wa kiangazi. Nilipoanza kazi Mbeya, nikiwa bado msichana, nilipangiwa kwenda naye mitaani. Siku ya kwanza tulikwenda Ilomba, kwenye mtaa uliojijenga wenyewe kando ya kijito. Watu walipokusanyika tu, nikaanza kukunjua ramani. Mzee Asajile akaweka kiwiko juu yake.

“Usiikunjue.”

“Mzee, si ndiyo tumekuja kuwaonyesha?”

“Ukiikunjua sasa, kila mmoja atatafuta nyumba yake. Akiikosa, atakasirika. Akiiona, ataacha kukusikiliza. Kunywa kwanza chai yao.”

Tukanywa chai. Baada ya hapo akaomba majivu jikoni kwa watu, akawaambia wakazi wachore mtaa wao chini, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Wanaume walichora barabara, wakachora baa, wakamaliza haraka. Wanawake walichukua muda. Walichora bomba, mashine ya kusaga, mahali kijito kinapofurika masika, na njia wanazopita watoto kwenda shule. Tulipoiweka michoro hiyo karibu karibu, ungedhani ni mitaa miwili isiyofahamiana. Mzee Asajile akawauliza, “Sasa hapa mnaishi wote, au mmoja wenu ni mgeni?” Wakacheka, na kazi ikaanza.

Alinifundisha mambo mengine madogo madogo ambayo hayamo kwenye vitabu vyenu. Nenda mtaani mvua ikiwa imetoka kunyesha, utaona maji yanapita wapi bila kumuuliza mtu. Angalia wanawake wanaanika nguo wapi, maana ukipitisha barabara hapo umejitafutia maadui wa kudumu. Mtu akikwambia “hakuna tatizo” mara ya pili bila kuulizwa, rudi kesho ukaongee naye peke yake. Na usivae viatu vipya. Hilo la viatu alinieleza kwa kuviangalia vyangu tu.

Siku hizi mna vifaa. Mimi nilianza na kamba na karatasi ya kunakilia ramani kwenye kioo cha dirisha, nikamaliza na ndege ndogo isiyo na rubani inayopiga picha mtaa mzima kabla chai haijapoa. Mara ya kwanza tulipoirusha Iringa, kuku wote wa mtaa walikimbilia chini ya vitanda wakidhani ni mwewe, na mama mmoja akatudai mayai kwa sababu kuku wake waligoma kutaga. Picha zilitoka nzuri sana. Zilionyesha kila bati na kila mti. Ila hazikuonyesha nani hasemezani na nani, na hilo ndilo linaloamua barabara ipite wapi.

Mama huyo wa kuku aliishi Karakana, na habari za Karakana ndizo ninazotaka kuwaachia.

Nilipohamishiwa Iringa nilikabidhiwa eneo moja pale Kihesa, kwenye mteremko wenye majabali. Zamani palikuwa na karakana ya mbao. Magogo yalishushwa kutoka Mafinga, yakapasuliwa pale, na mafundi wakatengeneza milango, vitanda na madawati. Mwenye karakana alikuwa Mzee Kantilal, Mhindi aliyezaliwa Iringa, mtoto wa mfanyabiashara aliyezaliwa Iringa, na Kihehe chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Wafanyakazi wake walijenga nyumba ndani ya eneo lake kwa ruhusa ya mdomo. Biashara ilipokufa, karakana ikafungwa, wao wakabaki. Wakaoa, wakazaa, wakapangisha vyumba. Mimi nafika pale, jina likiwa bado Karakana lakini msumeno haulii tena.

Mzee Kantilal alikuwa amefiwa na mkewe, watoto wake wako nje ya nchi isipokuwa binti mmoja, na alikuwa anajiandaa kwenda Dar es Salaam kumalizia uzee kwa binti yake. Aliita wakazi wote, akawakalisha kwenye banda kuu la zamani, na mimi nikiwapo kama mtu wa mipango miji.

“Kamwene,” akawasalimu kwa Kihehe.

“Kamwene, mzee.”

“Nimezeeka. Ardhi hii nikiiacha kwa watoto wangu, wataiuza kwa simu. Nataka kuwapa nyie. Lakini siwapi kipande kipande. Nikiwapa kipande kipande, mwaka hauishi mtakuwa mmeuza, kila mmoja kwa siri yake, na wajane ndio watakaofukuzwa wa kwanza. Nawapa kwa pamoja, hati moja. Au basi.”

Wa kwanza kusimama alikuwa Kalinga, fundi seremala aliyefanya kazi pale miaka mingi, mtu mwenye mikono kama makoleo na sauti inayofanana nayo.

“Mzee, shukrani. Lakini kitu cha wote ni cha nani? Mtu akija kuniuliza nyumba hii ya nani, nimjibu nini? Ya mkutano?”

Watu wakacheka, na Mzee Kantilal pia, ila swali lilikuwa swali, na lilitugharimu miaka.

Kulikuwa na sababu ya haraka. Upande wa chini, eneo lile linagusa barabara ya lami, na kuna mfanyabiashara alikuwa anapataka ajenge kituo cha mafuta. Jina lake halina maana hapa. Alikuwa mtu mpole. Alihudhuria misiba akiwa na gunia la mchele, akawa anajua majina ya watoto. Alihitaji nyumba za mbele tu. Lakini wa mbele wakiuza, wa juu wangebaki wamefungiwa kati ya uzio wa kituo na majabali, bila njia ya kupita hata mkokoteni. Kila mtu alilijua hilo, na kila mwenye nyumba ya mbele alijaribu kutolifikiria. Kalinga alikuwa wa mbele.

Tukaanza kuchora. Majivu hayakuhitajika, kwa sababu nyuma ya banda kulikuwa na kilima cha unga wa mbao uliozeeka. Wakazi wakaumwaga sakafuni, wakachora mteremko wao. Mafundi wakakata vipande vya mbao kuwa nyumba ndogo ndogo, kila familia ya kwake. Nyumba ya Kalinga, aliyoitengeneza mwenyewe, ilikuwa kubwa kama kanisa. Mama Tulizo, mwuza maziwa aliyeishi nyuma yake na mama yake mzazi, akaishika mkononi akaigeuza geuza.

“Kalinga, hii ndiyo nyumba yako au ndiyo unayoomba Mungu?”

“Weka chini. Hujui vipimo.”

“Nikiiweka chini, mama yangu atapita wapi kwenda chooni?”

Hapo walikuwa wanataniana, ila chini yake palikuwa na ugomvi wa kweli. Kati ya ukuta wa uwanja wa Kalinga na jabali kubwa kulikuwa na kichochoro. Nyumba zote za juu zilitegemea kichochoro hicho, na kilikuwa chembamba, mtu mwenye ndoo kichwani akikutana na mwenzake, mmoja wao lazima arudi kinyumenyume. Kila mchoro tuliofanya ulikuja na jibu lile lile: ukuta wa Kalinga usogee. Na kila mara Kalinga alisimama, akakung'uta unga wa mbao magotini, akasema, “Ukuta hausogei,” akaondoka. Mkutano ukifika hapo ulikuwa umekwisha. Nilimwona akiondoka hivyo mara nyingi kiasi kwamba kisogo chake nakikumbuka kuliko uso.

Halafu mama yake Mama Tulizo akafariki.

Nilikwenda kuhani, na nilikuwapo siku ya mazishi. Ilikuwa msimu wa baridi, ile baridi ya Iringa inayofanya watu wasimame wamejikunyata hata juani. Jeneza lilitengenezwa na mafundi wa pale pale. Wakalitoa ndani vizuri, wakateremka nalo mpaka kwenye kichochoro, na hapo wakakwama. Jeneza lenyewe lingeweza kupita. Wabebaji ndio hawakuweza, maana halibebwi na mtu mmoja mbele na mmoja nyuma kama ngazi. Wakajaribu kulipandisha mabegani, likagonga jabali. Wakajaribu kuliinamisha upande, na Mama Tulizo akatoa sauti ambayo sitaki kuieleza, kwa kuwa alimfikiria mama yake mle ndani akiinamishwa. Wakaliweka chini. Mchungaji akaanzisha wimbo, kwa vile hakuwa na jambo lingine la kufanya.

Tukasikia kishindo upande wa pili wa ukuta. Kikafuata kingine. Tofali likadondokea miguuni kwetu. Ukuta ulifumuka kutoka ndani, na katika vumbi tukamwona Kalinga, amevaa suti yake ya msibani, ameshika nyundo kubwa ya kupasulia magogo. Akapiga mpaka pakawa na pengo la kutosha. Akaweka nyundo chini, akavua kofia.

“Piteni.”

Wakapita naye bibi yule kwenye uwanja wa Kalinga, kati ya benchi lake la kazi na banda la kuku, mpaka barabarani. Kalinga alifuata nyuma mpaka makaburini.

Najua mnafikiri ninyi nyote kwamba habari imeishia hapo. Na mimi nilifikiri hivyo. Nilirudi nyumbani nikalala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Juma lililofuata nikapanda Karakana na mchoro wangu mpya, nikakuta Kalinga ameujenga ukuta wake upya. Pale pale. Na safari hii saruji ilikuwa nyingi zaidi.

Nilikaa juu ya jiwe. Nilichoka namna ambayo sijui kuieleza, wanangu. Mama Tulizo akanikuta pale akiwa na ndoo yake ya maziwa.

“Umemwona?” nikamuuliza.

“Nimemwona.”

“Na wewe humwambii kitu?”

“Alimpitisha mama yangu. Nimwambie nini? Wewe ndiye mwenye mshahara wa kumwuliza, nenda kamwulize.”

Basi nikaenda. Kalinga alikuwa benchini anapiga randa. Akanisogezea kigoda, akanimiminia ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye kikombe cha bati bila kuniuliza kama nakunywa. Sikuanza na ukuta. Nilimwuliza habari ya mlango wake wa mbele, kwa sababu ulikuwa mzuri mno kwa nyumba ile: mninga mzito, wenye nakshi pembeni.

“Huo nimetoka nao Mbeya,” akasema. “Nimeubeba begani.”

Akanieleza. Ujanani alikuwa fundi Mbeya. Mwajiri wake alimpa sehemu ya kujenga, kwa mdomo, mbele ya watu. Akajenga, akaoa hapo. Mwajiri alipofariki, wanawe wakauza kiwanja chote. Kalinga alikwenda kila ofisi. Kila ofisi ilimuuliza jina lake limeandikwa wapi. Halikuwa limeandikwa popote. Akabomoa nyumba yake mwenyewe ili asiwaachie mbao, akang'oa mlango, akaja Iringa.

“Wewe mama unakuja na hati moja ya watu wote. Jina litakuwa la chama. Chama ni nani? Viongozi wakibadilika? Siku hiyo nikienda ofisini wataniuliza tena jina langu liko wapi.” Akapuliza maranda kwenye randa. “Mimi simchukii mtu. Ule ukuta ndio hati yangu. Ndiyo pekee niliyonayo.”

Nilimaliza ulanzi wangu, nikashuka mteremko.

Kuanzia hapo tukaacha kujadili barabara, tukajadili karatasi. Mikutano mingi, mirefu, ya kuchosha. Watu walitaka ardhi isiuzike kwa mtu wa nje, na walitaka pia kila mtu alale akijua kwake ni kwake. Mwishoni tukapata kitu kinachoshika yote mawili. Hati ya ardhi iwe moja, kwa jina la ushirika wa wakazi. Lakini kila nyumba iwe na cheti chake chenye jina la mume na la mke, kinachorithiwa na watoto. Mtu akitaka kuondoka, ushirika ndio unaonunua nyumba yake, au unamkubali mwingine atakayeishi humo mwenyewe. Wapangaji nao wapige kura kwenye mambo ya njia, maji na taa, kwa kuwa na wao ndio wanaokanyaga tope. Vibanda vya biashara vya kando ya lami vikawa mali ya wote, kodi yake ikiingia kwenye mfuko wa wote.

Mkuu wangu wa kazi aliisoma taarifa yangu akavua miwani. “Mama, jambo hili halina mahali kwenye utaratibu wetu.” Nikamwambia tutafute mahali. Tulitafuta. Sitawachosha na hiyo habari. Mtayaona wenyewe makorido hayo ya ofisi. Wakati mwingine nilikuwa nakaa kwenye benchi la nje ya ofisi fulani nikisahau nimemfuata nani.

Siku Mzee Kantilal alipotia saini kuhamisha miliki, Mama Tulizo alimshikia karatasi isiteleze. Alipomaliza akatazama banda lake.

“Sasa hata mimi nikitaka kurudi kulala hapa, lazima niombe mkutano?”

“Lazima, mzee,” akasema Kalinga. “Na utaambiwa uje Jumapili ijayo.”

Mzee Kantilal akacheka mpaka akakohoa. Mwezi huo huo akaenda Dar, na hakurudi tena.

Kalinga alipokabidhiwa cheti chake alikisoma kwa sauti, jina lake na la mkewe, akakisoma tena. Kesho yake akabomoa ukuta, polepole safari hii, tofali moja moja ili yasivunjike, akaujenga ndani zaidi. Alinung'unika muda wote. Aliyempelekea maji ya kunywa alinung'unikiwa pia.

Ningependa kuwaachia hapo. Lakini mimi siandiki ili kuwafurahisha.

Miaka ikapita, Kalinga akaugua kisukari, na kidonda mguuni kikakataa kupona. Akaambiwa aende hospitali ya rufaa Mbeya, na akiba yake ilikuwa imekwisha. Yule mfanyabiashara mpole hakuwa amekufa wala kusahau. Akamtafuta mtoto wa Kalinga, akamwambia yuko tayari kununua nyumba ya mbele hata kesho, na kwa bei ambayo ushirika usingeweza kuifikia hata kwa ndoto. Kijana akaja kwenye mkutano. Hakuja kwa ubaya.

“Wazee wangu, baba yangu anaoza mguu. Nyumba ni yake, cheti kina jina lake. Mnaniambia hawezi kuuza?”

Watu wakainamisha vichwa. Wengi walikuwa tayari kuivunja kanuni. Mmoja akasema, “Ni mara moja tu, ni kwa ajili ya ugonjwa.” Mwingine akasema Kalinga ndiye aliyetengeneza vitanda wanavyolalia. Nilikuwa nimekaa pembeni. Sikuwa na kura, na nikashukuru kwamba sina.

Mama Tulizo akasimama. Alikuwa amezeeka na yeye.

“Kalinga alimpitisha mama yangu,” akasema. “Kwa hiyo mimi ndiye ninayepaswa kusema ndiyo, na mimi nasema hapana. Kituo kikijengwa pale mbele, na mimi siku yangu nitapita wapi? Na wewe je? Na wewe?” Akawa anawanyooshea kidole mmoja mmoja. “Tusimruhusu kuuza. Tumtibu. Mfuko wa vibanda upo, utoke wote. Ukiisha, tutachangishana. Lakini kuuza, hapana.”

Wakabishana. Mkutano ukaahirishwa kwa sababu wajumbe hawakutosha, ukaitishwa tena, ukavunjika, ukaitishwa tena. Mwisho wakakubaliana na Mama Tulizo. Mfuko ukatoka wote, na Kalinga akapelekwa Mbeya.

Alirudi hai, bila mguu mmoja.

Nilikwenda kumpa pole. Alikuwa kitandani, amegeukia ukutani.

“Mngeniacha niuze ile siku ya kwanza,” akasema, “ningewahi. Mguu ungekuwepo.”

Sikujua kama ni kweli. Daktari mwenyewe, nilipomuuliza, alisema labda, na labda siyo. Na mpaka leo silijui. Miezi mingi Kalinga hakumsemesha Mama Tulizo. Mama Tulizo alimpelekea maziwa kila asubuhi, akiyaweka kwenye kizingiti bila kubisha hodi, na Kalinga aliyanywa bila kutoa shukrani. Siku moja, mkewe aliniambia, maziwa yalichelewa, na Kalinga akapaza sauti dirishani: “Leo ng'ombe wamegoma, au umegoma wewe?” Mama Tulizo akajibu kutoka juu kwamba ni ng'ombe. Ndivyo walivyopatana. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi.

Mwaka huu, mimi nikiwa nimeshastaafu, walikuja wageni Karakana. Walikuwa wakazi wa Ilomba, kule Mbeya, basi zima la watu, na kwao nako kuna mtu anayenunua nyumba za mbele. Walisikia habari za Karakana wakataka kuona. Niliitwa kama mtu wa zamani. Viongozi wa ushirika wakawatembeza, wakawaonyesha njia pana, bomba, taa, vibanda, wakasema maneno mazuri. Dada mmoja wa Ilomba, Tusekile, mshona nguo, akauliza kama kuna mkazi yeyote ambaye jambo hili halikumpendeza. Watu wote wakamtazama Kalinga kwenye kiti chake cha magurudumu.

“Mimi,” akasema.

“Tueleze, baba.”

“Msidanganywe na taa hizi. Ni kazi ya kuchosha. Utakaa mkutanoni mpaka makalio yafe ganzi. Utasikiliza upumbavu wa watu ambao usingewakaribisha ndani kwako. Na siku utakapokuwa na shida, uamuzi hautakuwa wako peke yako. Mimi nilitaka kuuza nikakataliwa. Kama ningeuza ningekuwa na fedha, na pengine ningekuwa na mguu.” Akajiweka sawa kwenye kiti. “Nikiwa nimelala Mbeya hospitalini, jirani yangu wa kitanda alikuwa mzee aliyeuza kwake ili atibiwe. Akapona. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi akamuuliza anarudi wapi. Alikaa ukingoni mwa kitanda mpaka jioni, anafikiri. Mimi nilijua narudi wapi. Basi. Mengine waulizeni viongozi, wao ndio wanaojua kuongea.”

Hakuna aliyepiga makofi. Wageni wakanywa chai, wakaanza kuingia kwenye basi. Tusekile akabaki nyuma, akanijia.

“Mama, wewe ndiye uliyewaanzishia hawa. Njoo kwetu Ilomba. Tumekubaliana kuanza.”

“Mwanangu, nimestaafu. Magoti haya hayapandi tena.”

Akayatazama magoti yangu, akaona sisemi uongo.

“Basi tutumie mtu. Sisi tutamsubiri.”

Dereva akapiga honi. Nikamwambia nitatafuta. Nimefika nyumbani, nimewafikiria watu wote niliofanya nao kazi: waliokufa, waliochoka kama mimi, waliohamia kwenye kazi zenye viti vizuri. Sikumpata wa kumtuma. Ndiyo maana nimekaa kuwaandikia ninyi.